Hakukuwa na Lori

Hakukuwa na lori.

Naanzia hapo kwa sababu shemeji yangu ameshawafikia kabla yangu, na habari yake ina lori, ina dereva aliyekimbia, na ina mimi nikipaa hewani mara mbili kabla ya kutua mtaroni. Nyote mlionipigia simu tangu Jumamosi, asanteni. Wewe uliyeandika "alikuwa mtu wa watu", nimekuona, na hiyo "alikuwa" nimekuwekea. Ukweli ni kwamba mwenzenu nilianguka na baiskeli ikiwa imesimama. Imesimama tuli. Mwendo sifuri. Kwenye taa nyekundu, mbele ya kituo cha basi kilichojaa watu.

Haya, mkao wa kula.

Ya moyo wengi mnayajua, sitayarudia yote. Miezi 9 iliyopita mshipa mmoja uliziba, nikapitishiwa kijiwaya kutokea kwenye kifundo cha mkono mpaka moyoni, wakaniachia humo kijibomba cha wavu kiitwacho stenti, na mfuko wa dawa: aspirini na klopidogreli za kuzuia damu isigande, pamoja na beta bloka ya kuuzuia moyo usikimbie. Ile hesabu ya 220 ukatoe umri wako ndiyo upate kikomo cha mapigo, kwangu haina kazi tena. Moyo ukifika mahali unagoma kama punda, hata umchape vipi.

Kabla ya hapo nilikuwa mtu wa masafa. Kilomita 200 kwa saa 13 na nusu, zile safari za kugongewa mhuri kwenye kadi kila kituo. Kilomita 300 kwa saa 20. Nilikuwa naiota Paris–Brest–Paris, kilomita 1,200 ndani ya saa 90, inayokuja mara moja kila miaka 4. Baada ya hapo nikawa mtu wa kutoka kitandani hadi dirishani na kupigiwa makofi.

Shemeji, kwa nia njema kabisa, ndiye aliyenisimulia kisa cha Greg LeMond nikiwa bado nimelala. Mmarekani yule, bingwa wa Tour de France ya 1986, yale mashindano makubwa ya baiskeli ya kuizunguka Ufaransa, Aprili 1987 alipigwa bunduki ya marisau wakiwa mawindoni, akaponea chupuchupu, marisau mengine yakabakia mwilini, hadi kwenye utando wa moyo. Mwaka 1989 akarudi, wakazunguka zaidi ya kilomita 3,200, akamshinda Laurent Fignon kwa sekunde 8. Nililia, sioni haya kusema. Sikuuliza ni nani aliyempiga risasi. Nimekuja kusoma mwenyewe juzi, mkono ukiwa kwenye bandeji: alipigwa na shemeji yake. Kwa bahati mbaya, wanasema. Likumbukeni hilo neno, tutakutana nalo mbele.

Basi bwana, nikaruhusiwa kurudi kwenye baiskeli. Mtaalamu wa mazoezi akanipa kipimo kisichohitaji mashine: uwe na uwezo wa kuzungumza sentensi nzima bila kukata pumzi, ila usiweze kuimba. Ukiweza kuimba, unazembea. Ukishindwa kuzungumza, umezidisha, punguza. Ni kipimo kizuri, nakisifu mpaka leo. Shida yake ni moja tu, mimi naendesha peke yangu. Nizungumze na nani? Nikajipangia jedwali la saba. Saba mara moja saba, saba mara mbili kumi na nne, kwa sauti, barabarani, mtu mzima mwenye ndevu za mvi na kaptura ya kubana. Watu wakageuka kuangalia. Nikaona waangalie tu, moyo ni wangu.

Jumamosi asubuhi nikamuaga mke wangu. "Kilomita 10 tu, tambarare, narudi sasa hivi." Akaniangalia vile anavyoangaliaga. Akanikagua: bangili ya mgonjwa wa moyo ipo, simu ipo, saa ipo. Hii saa alininunulia yeye. Inapima mapigo, na ikihisi umeanguka inapiga king'ora, inahesabu sekunde 30, usipoizuia inawatumia watu wako ujumbe na ramani ya mahali ulipo. Watu wangu ni wawili: yeye na kaka yake.

Naomba msimame kwenye hayo maneno, ramani ya mahali ulipo. Mimi sikusimama hapo.

Kuna jambo la viatu pia. Viatu vyetu vina kibati chini ya soli, kinanasa kwenye pedali kwa springi. Kuingia unakanyaga, tak. Kutoka unasukuma kisigino kwa nje, tak. Miguu iliyozoea haifikirii. Miguu iliyokaa miezi 9 kwenye ndara, sina uhakika. Kwa hiyo Ijumaa jioni nikamwomba shemeji anilegezee zile springi. Kuna kiskrubu kidogo kwenye kila pedali, ukikizungusha huku kinalegea, huku kinakaza, na pembeni kuna alama ya kutoa na ya kujumlisha. Shemeji alizungusha ya kulia, akazungusha ya kushoto, akasema tayari. Alikuwa amekaza ya kulia mpaka mwisho. Lawama zote ningemtupia yeye, lakini mimi ndiye niliyemshikia tochi.

Nikatoka. Kilomita 10 zikaisha, naona niko vizuri, saba mara sita arobaini na mbili, pumzi ipo. Nikasema niongeze 5. Mnajua mambo ya "niongeze 5". Kwenye kilomita ya 23 nikajikuta chini ya kile kilima. Yaani sikukipanga, kilikuwa tu mbele yangu. Zamani nilikuwa nakipanda naongea na simu. Nikaweka gia nyepesi kuliko zote, nikaanza. Nusu ya kilima akanipita kijana kwenye baiskeli nzito ya kubebea mizigo, ana kreti nyuma, na akanipita kwa heshima zote: "Shikamoo mzee!" Sasa "marahaba" ina silabi nne. Mbili za mwanzo zilitoka. Zilizobaki nilizimalizia yeye ameshafika juu.

Lakini nilifika. Sikushuka, sikusukuma. Saa inasoma mapigo 109, kikomo nilichopewa ni 115, kifua kimetulia kama maji ya mtungini. Miezi 9, jamani! Machozi yakanilenga. Mbele kuna makutano, taa ikawa nyekundu, na kulia kwangu kituo cha basi na watu kama 15 wakinitazama mimi shujaa.

Sasa twende polepole.

Ukitaka kusimama, unatoa mguu mmoja mapema, halafu unalalia upande wa mguu huo. Hilo analijua hata mtoto. Mimi nikatoa wa kushoto, tak, safi kabisa. Nikafunga breki. Baiskeli ikasimama. Nikanyanyua kichwa niwape watu wa kituoni tabasamu dogo la mtu aliyetoka mbali. Na kwa sababu tabasamu lilikuwa linaelekea kulia, mwili nao ukaelekea kulia.

Kuna sekunde moja pale ambayo ilinitosha kufikiri mambo mengi. Nilikumbuka mguu wa kulia umefungwa. Nikasukuma kisigino nje. Hakikwenda. Nikasukuma tena, kwa nguvu za mtu anayefungua mlango wa nyumba inayoungua. Springi ikasema hapana. Nikamwona mama mmoja mwenye mwavuli anafungua mdomo. Nikamwona mtoto anamvuta nguo aangalie vizuri. Nilikuwa bado sijaanguka, nyie! Nilikuwa naegemea hewa, polepole, kama mti uliokatwa ambao bado unafikiria uangukie wapi. Mdomo wangu, ambao hakuna aliyeuambia kwamba mambo yameharibika, ulikuwa unaendelea na kazi yake: "Saba mara nane..."

Puu.

"...hamsini na sita."

Nikalala ubavu wa kulia, baiskeli imenilalia juu, mguu bado umenasa kwenye pedali. Moyo, dunda dunda, hauna wasiwasi. Miezi 9 tumeulinda moyo, tumeupigia picha, tumeunyima chumvi, kumbe msaliti alikuwa kifundo cha mguu.

Hapo ndipo king'ora kikaanza. Thelathini. Ishirini na tisa. Saa iko mkono wa kushoto, na mkono wa kulia wa kuizimia uko chini yangu, umebanwa na usukani. Nikafanya hesabu haraka: kiungo gani kingine nilichonacho kinagusa kioo? Pua. Nikauleta mkono usoni nikaanza kubonyeza kwa pua. Mjue kioo cha saa kikilowa jasho hakielewi tena unachotaka. Kulikuwa na vitufe viwili, "Niko salama" na "Nahitaji msaada". Nadhani mmeshajua pua ilitua wapi.

Kwa hiyo watu wa kituoni walichokiona ni hiki: mzee ameanguka bila kuguswa na kitu, anasoma jedwali la saba, halafu anabusu mkono wake mwenyewe mara nne mfululizo.

Wakaja mbio. Na damu ikafika nao. Mchubuko wenyewe, nawaapia, ni wa ukubwa wa ukucha, hapa kwenye kiwiko. Lakini damu iliyonyweshwa klopidogreli na aspirini kwa miezi 9 haijui kusimama. Ilitiririka ikapita mkononi, ikapata kaptura, ikamalizia kwenye soksi nyeupe. Mtoto yule akatangaza, "Amepasuka!" Mama wa mwavuli akapiga magoti. "Baba, unaitwa nani?" Mimi nikiwa nahema kwa aibu: "Subiri, mama, nizime hii." Akageukia wenzake: "Hajijui."

Jamaa mmoja mwenye mabega akaiona bangili. "Ana ugonjwa wa moyo! Pisheni!" Akafumbata viganja, akaviweka katikati ya kifua changu, akanyoosha viwiko.

"Kaka, niko hai," nikamwambia.

"Usiongee, mzee wangu. Tunza nguvu."

"Kaka, nakuomba."

Aliyeniokoa ni binti mmoja, alisema anasomea uuguzi. Alimshika mkono yule jamaa akamwambia kwa upole sana kwamba kifua hakandamizwi mtu anayebembeleza asikandamizwe. Jamaa akatoa mikono, naye akionekana amevunjika moyo kuliko mimi. Binti akanibana kiwiko kwa kitambaa, akaniambia nishikilie dakika 10 bila kuchungulia. Kuhusu mguu, hakuna aliyeweza kuutoa kwenye pedali. Ikabidi wanivue kiatu. Wakaninyanyua, wakanikalisha kwenye benchi la kituo, soksi moja nyekundu, na kiatu changu kikabaki kimening'inia kwenye baiskeli kama samaki kwenye ndoano. Basi lilikuja likaondoka. Hakuna aliyepanda.

Simu ikaita. Jina la mke wangu kwenye kioo.

Nilitegemea "umeumia?" Nilikuwa nimeshaandaa sauti ya "hapana, mpenzi, kidogo tu". Kukawa kimya kwanza. Halafu kwa sauti ya chini, ile ambayo wenye ndoa mnaifahamu:

"Hapo ni wapi?"

Ramani, ndugu zangu. Ramani ilikuwa imeshamfikishia kilomita 23, kilima na vyote.

Mengine yalikwenda haraka. Shemeji, aliyepata ujumbe uleule, hakupiga simu kuuliza. Aliusambaza kwenye kundi la familia na la marafiki na neno moja juu yake: "Lori." Baadaye nilipombana akasema alidhani, kwa vile nilikuwa barabarani, na barabarani kuna malori. Wakaja kunichukua na gari, baiskeli ikawekwa nyuma na kiatu chake. Springi ameilegeza mke wangu jana, safari hii tochi nimemshikia yeye.

Jana hiyohiyo ilikuwa siku yangu ya kliniki. Kiwiko kikatazamwa, hakuna mfupa. Daktari akaomba kumbukumbu za saa, akawa anapitisha kidole kwenye mchoro wa mapigo. Kilima, 109, akatikisa kichwa kwa kuridhika. Kuanguka, 103. Halafu kidole kikasimama. Kulikuwa na mnara mmoja umechomoza peke yake, 127, juu ya kikomo, dakika 6 baada ya mimi kuwa nimekalishwa kwenye benchi.

Akashusha miwani. "Na hapa, mzee wangu, ulikuwa unapanda mlima gani?"

Nikamgeukia mke wangu. Naye alikuwa amenigeukia, mkoba mapajani, anasubiri jibu.