Mwanafunzi wa Grafiki Achore Nini?

Wapo walimu wa usanifu wa grafiki wanaoamini kuwa asiyejua kuchora hana nafasi darasani mwao. Wengine huona saa za kuchora chupa na viti zinapotea bure. Tatizo ni kwamba pande hizi mbili zinabishania michoro tofauti.

Wa kwanza wana historia ya kuegemea. Katika Bauhaus, shule ya sanaa na usanifu iliyoanzishwa Weimar, Ujerumani, mwaka 1919, mchoraji Kandinsky aliwapa wanafunzi vitu vilivyopangwa mezani, wavichambue hatua kwa hatua mpaka ibaki mistari ya mvutano tu, yaani ile inayoonyesha nguvu na mwelekeo kati ya vitu. Kufanana na kitu halisi hakukuwa shabaha. Jicho lilikuwa linazoezwa kuona mpangilio, na bila mpangilio hakuna bango. Hata herufi ziko hivyo: ukiichora O kwa mkono utagundua kuwa lazima ivuke kidogo mistari ya juu na chini, la sivyo itaonekana ndogo kuliko H iliyo jirani yake. Kompyuta haikufundishi hilo, maana fonti huja imesharekebishwa.

Wapinzani nao hawasemi ovyo. Tangu ije kompyuta ya Macintosh mwaka 1984 na PageMaker, programu ya kupanga kurasa, mwaka uliofuata, sehemu kubwa ya kazi imekuwa kupanga maandishi na picha kwenye skrini. Kumkataa mwenye jicho kali la herufi eti kwa sababu hawezi kuchora uso wa mtu ni uonevu, na mtihani wa namna hiyo ningeufuta leo.

Hoja wanayoipenda ni nembo ya New York, I ♥ NY, ambayo msanifu Mmarekani Milton Glaser aliichora juujuu kwa krayoni nyekundu mwaka 1976 akiwa ndani ya teksi. Mchoro ule hata mtoto angeuweza! Ni kweli, lakini Glaser alikuwa ameshasomea etching, yaani kuchora kwenye bamba la chuma ili kuchapa picha, kwa mchoraji Giorgio Morandi kule Bologna, Italia. Mfano huo huo unazisaidia pande zote mbili.

Kwangu uzito unaangukia kwenye mchoro mbaya wa haraka. Kompyuta hulipamba wazo bovu mapema mno, na mwanafunzi akishaliona limenyooka hakubali tena kulitupa. Karatasi yenye michoro ishirini ya hovyo haimdanganyi. Basi alama zitolewe kwa mawazo yanayotofautiana, usafi wa mstari usihesabiwe. Walimu wengi watalalamika, kwa kuwa kusahihisha kivuli cha chupa ni rahisi zaidi.