Uza Gari kwa Sababu ya Baiskeli? Pima Buti Kwanza

Anayekushauri uuze gari lako la milango miwili kwa kuwa umenunua baiskeli, muulize kama amewahi kulifungua buti lake. Watu wanahesabu milango ya pembeni, wakati baiskeli inapitia nyuma.

Hapa Mtwara nikipakia baiskeli yangu kwenye gari langu, Toyota Celica ya milango miwili, hakosi wa kuuliza: "Mjomba, hiyo unaitia wapi?" Naitia nyuma. Celica hii ya toleo la mwisho, lililoanza kutoka 1999, mlango wake wa nyuma unanyanyuka pamoja na kioo chote. Viti vya nyuma ukivilaza unapata sakafu ndefu kutoka kwenye bampa hadi mgongoni mwa dereva. Chomoa tairi la mbele la baiskeli, shusha siti yake, geuza usukani wake, sukuma. Ikigoma, toa na la nyuma.

Toyota 86, iliyoingia sokoni 2012, ni habari nyingine. Kiti cha nyuma kikilala, inameza matairi manne ya gari, na wenyewe Toyota walijisifia hilo. Nafasi ipo, ila buti lake ni la mfuniko na tundu lake ni finyu, kwa hiyo fremu unaiingiza kwa kuizungusha huku ukiomba Mungu rangi isichubuke. Ndiyo maana ukienda kuangalia gari la mtumba, lita za buti zinazotajwa kwenye tangazo zipuuze. Nenda na futi kamba upime tundu. Tairi la baiskeli ya inchi 29 lina upana wa kama sentimita 74 kutoka ukingo hadi ukingo, na fremu ni ndefu zaidi ya hapo.

Kuna vitu vidogo vinavyoleta hasara kubwa. Baiskeli ilale upande wa cheni ukiwa juu, la sivyo kibadilisha gia kinabeba uzito wote na kupinda. Tandika kanga kuukuu chini, maana grisi haitoki kwenye zulia la gari. Pedeli ya kushoto inafunguka kwa kuzungusha kama saa inavyokwenda, kinyume na nati za kawaida. Wengi wanaikaza mpaka wanavunja spana. Kama breki ni za diski zenye mafuta, tairi likishatoka usiguse mkono wa breki, na chomeka kipande cha boksi katikati ya zile pedi zisije zikabanana. Kisha funga fremu kwa kamba. Ukikanyaga breki za ghafla, chuma kilicholala nyuma kinakuja kisogoni.

Keria za kufunga nyuma kwa mikanda sizitaki. Zinaficha namba na taa, mikanda inakwaruza rangi, na njia ya mchanga ya kwenda Msimbati inajaza kila kiungo cha cheni. Halafu ukisimama Mnazi Mmoja ya Lindi kula, lazima mmoja abaki kulinda. Ikiwa ndani, unafunga gari unakwenda kuagiza samaki wako.

Gharama yake naikubali: mnasafiri wawili tu, na mizigo iwe ya begi moja. Kwangu inatosha. Mlima wa kupanda uwanda wa Makonde gari linaumaliza, mimi naanza kunyonga pedeli Newala juu, kwenye baridi, kuelekea Shimo la Mungu kulitazama bonde la Ruvuma. Kuupanda mlima ule kwa miguu yangu mwenyewe nawaachia vijana.

Phoenix, ile baiskeli nzito ya Kichina, sijaizungumzia kwa makusudi. Breki zake za vyuma zimeungana na usukani, hivyo haugeuki ovyo, na ukiongeza madigadi, stendi na keria ya chuma, kulichomoa tairi la nyuma ni kazi ya fundi na nusu ya asubuhi. Hiyo ipandishe juu ya basi.