Ile video haijaonyesha yote

Haya, mmeshacheka. Jamaa aliyeirusha kwenye grupu la Watanzania wa Ujerumani ameiandika "Daktari wa Bwawani", tena ameikata, inaanzia ninapoteleza. Sasa nisikilizeni mimi mwenye kanzu.

Hapa Göttingen ukitetea tasnifu ya uzamivu ukafaulu, bado hujamaliza. Wenzako wanakupakia kwenye mkokoteni uliopambwa, wanakukokota hadi uwanjani mbele ya jengo la zamani la baraza la mji. Pale unapanda kwenye chemchemi, unampa maua Gänseliesel, binti wa shaba mchunga mabata bukini, unambusu. Chemchemi ipo tangu 1901, ila binti wa sasa ni nakala, wa asili kawekwa makumbusho. Yaani nimedhalilika kwa ajili ya feki. Mwaka 1926 mji ulipiga marufuku kumbusu. Laiti wangekaza!

Kanzu ni kwa sababu mama alitaka picha ya kanzu. Kofia wameniundia wenzangu wa maabara: juu yake umesimamishwa mpira wa kumwagilia bustani, maana utafiti wangu ni mwendo wa maji ardhini. Ndiyo, maji. Chekeni tena.

Basi, mguu wa kulia ukingoni. Kanzu nimeikusanya mkono mmoja kama bibi anavuka mto, maua mkono wa pili. Nikapanda. Nikasogeza mdomo. Nikafumba macho (kwa nini nilifumba macho kwa sanamu, jamani?). Shaba ya baridi, busu limepita, umati unashangilia. Narudisha kichwa: hakirudi. Mpira umenasa kwenye yale maua ya chuma yaliyomzunguka binti, na kamba ya kofia iko kidevuni. Nikitaka kuifungua lazima niachie kanzu. Nikaiachia. Ikashuka. Nikaikanyaga. Nikajiona naenda, na nilichowahi kusema ni "samahani, dada", kumwambia sanamu, kwa Kiswahili.

Chubwi!

Maji yenyewe mafupi, lakini kanzu nyeupe ikilowa haitunzi siri. Bukta ilikuwa ya mananasi. Manjano.

Wakanitoa, wakanipa koti, tukaenda kula, mafua ninayo.

Asubuhi mama kapiga, video imeshafika Tanga. Kuumia hakuuliza. "Mwanangu, nimekusomesha miaka yote hiyo ukabusu sanamu?" Nikamweleza kwamba ndiyo mila ya huku, hata maprofesa wa hapa wamepitia. Kimya. Kisha: "Sawa. Na hizo bukta, nani anakununulia?"