Papa, Hii Ni Origini

Sumaku imeanguka. Nimeiokota, nimeirudisha mlangoni, imeanguka tena.

Mlango wa kushoto wa Peugeot 404, gari langu la zamani ninalolifufua, umerudi leo asubuhi kutoka kwa toliye, fundi wa bati za magari, unang'aa kama sahani ya harusi. Kila aliyepita amesifu. Lakini mtu aliyewahi kulipa toliye Lubumbashi hasifu kwa macho, anatoa sumaku mfukoni. Unaifunga kwa kitambaa laini isikwaruze rangi, unaitembeza polepole kutoka dirishani kwenda chini. Juu ilishika. Katikati ilishika. Pale chini, sentimita kumi za mwisho, palipokuwa na kutu, ikanidondokea kwenye kiatu. Bati linavuta sumaku. Mastiki, ule uji mzito wa kujazia mabonde ya bati, haivuti chochote isipokuwa pesa.

Nikajikaza mbele ya toliye. Mtu mzima hapigi kelele barabarani.

"Kijana wangu, tulipatana bati bovu likatwe."

"Limekatwa, Papa."

"Limekatwa likaenda wapi?"

"Liko ndani."

"Ndani ya nini?"

"Ndani ya mastiki, Papa. Inalilinda."

Nikagonga mlango kwa kidole. Juu unaitika *ting*. Chini unaitika *tup*, kama ukuta wa matofali. Nikaomba bisibisi. Akanipa kwa heshima kabisa, kwa mikono miwili. Nikachokoa. Mastiki ikabanduka, unene wa kidole gumba, na nyuma yake hapakuwa na bati jipya, hapakuwa na bati la zamani. Palikuwa na gazeti. Limekunjwa vizuri mara nne.

"Na hii?"

"Hiyo ni sipori, ya kushikilia, Papa. Mastiki bila sipori inaangukia ndani."

Nikalikunjua hilo sipori. Ukurasa wa michezo. Mazembe walikuwa wanacheza nyumbani. Sijui kilichonipata, nikajikuta nasoma. Toliye akasogea, naye anasoma begani mwangu. Habari ikakatikia katikati ya sentensi, dakika ya sabini.

"Iliishaje?"

"Inaendelea kwenye mlango wa kulia, Papa."

Heshima yangu iliishia hapo.

Sikilizeni basi, mlio na milango yenu huko kwa matoliye. Kutu haifunikwi, inakatwa. Unakata mpaka bati zima, na bado unaongeza kama sentimita mbili, maana kutu inatembea chini ya rangi kabla hujaiona. Kiraka ni bati la milimita 0.8 hadi 1, si la paa la kuku. Unachomelea nukta moja hapa, nukta nyingine kule mbali, unaacha ipoe, unarudi. Ukivuta mstari mmoja kwa haraka, bati linapata joto, linajikunja, mlango unakuwa na mawimbi kama ziwa. Kisha rangi ya kwanza ya kuzuia kutu, ndani na nje. Mastiki inaruhusiwa, sikatai, lakini milimita mbili basi, ya kusawazisha tu. Ikipakwa juu ya kutu inafyonza maji kama mkate, na baada ya mvua mbili rangi inafura vipele.

Na vile vitundu vidogo vya chini ya mlango! Kiwanda kiliviacha makusudi. Maji ya mvua yanaingia kwenye kioo, yanashuka ndani ya mlango, yanatokea pale. Toliye wangu ameviziba vyote. "Nilifikiri ni kutu, Papa." Kwa hiyo Desemba mlango utakuwa ndoo.

Nikamwambia: gari hili lilichorwa na Pininfarina wa Italia, limetoka mwaka 1960, na limechukua Safari Rally ya Afrika Mashariki mara nne, 1963, 1966, 1967 na 1968. Halikushinda na gazeti mlangoni. Akaniangalia kwa huruma. "Papa, wale walikuwa na pesa."

Hapo hata sikumjibu. Nilikuwa nawaza vibao vya chini ya milango, maana 404 haina chasi pembeni, bodi yenyewe ndiyo chasi. Ukikata kulia na kushoto siku moja bila kuchomelea bomba la kushikilia kila mwanya wa mlango, gari linalala katikati kidogo tu, milimita chache, na milango haifungi tena mpaka kiama. Unakata upande mmoja, unamaliza, ndipo unakwenda wa pili. Yeye alishapiga jeki katikati ya tumbo.

Tatizo ni neno lenyewe, origini. Kwangu origini ni vile gari lilivyotoka kiwandani. Kwa toliye, origini ni kitu kisicho cha Dubai. Mekanisieni wa Kamalondo, fundi wa injini, alitaka kunitilia injini ya Toyota: "Hii pia ni origini, Papa, imetoka Japani yenyewe." Utabishana naye wapi?

Kila anayefungua boneti anatoa pole. "Papa, sipori za injini zimekufa, imelala upande." Imelala, ndiyo! Iliundwa imelala, digrii 45, ili boneti iwe fupi kwenda juu. Wiki iliyopita mmoja alikuja na kamba aisimamishe.

Valvu nazo zina mwanya wake: milimita 0.10 ya kuingiza, 0.25 ya kutolea moshi, injini ikiwa baridi. Hapa wanapima kwa kipande cha msumeno wa chuma. Ya kutolea ukiibana sana, ikipata moto inarefuka, haifungi, inaungua. Halafu unaambiwa buji, yaani plagi ya cheche, ndiyo mbaya. Na ukifungua kichwa cha injini, usiizungushe kabla hujabana silinda zake, kwa sababu ni za kuchomeka na maji yanazizunguka. Zikinyanyuka kidogo tu, mipira ya chini inaachia na oili inakuwa chai ya maziwa.

Pine, yaani tairi, zimeandikwa 380, ni milimita, muuzaji anaapa namba hiyo haipo duniani. Mwambie inchi 15, ni kitu kilekile.

Ponti ya nyuma, yaani ekseli, ndiyo inayoninyima usingizi. Ndani yake kuna skrubu ndefu inayozungusha gurudumu la bronzi. Oili ya kawaida ya ponti, ile inayonuka kiberiti, inakula bronzi taratibu. Tafuta isiyo na dawa hiyo. Lakini kabla oili haijaila, kuna watu wa mitraye, wanunuzi wa vyuma chakavu. Hapa ni Katanga, bwana. Weka kitu chenye rangi ya shaba juu ya mkeka, geuka upige chafya, ukirudi kinapimwa kilo Ruashi. Lile gurudumu linalala chini ya kitanda. Mama watoto ameuliza mara moja tu, akanyamaza, na nyamaza ile naijua.

Rangi sizungumzii. Ile ya kwanza inapatikana nyuma ya kadibodi ya kiti cha nyuma, jua halifiki huko. Lakini kuipaka! Agosti, upepo, lile vumbi jekundu. Unaamka saa kumi na moja, unamwagia sakafu maji vumbi litulie, unapaka mkono wa kwanza, unapaka nusu ya mkono wa pili, umeme unakwenda. Kompresa inakohoa. Nusu ya gari ni nyeupe, nusu ni rangi ya barabara ya Likasi.

Na sasa hivi, nikiwa bado nimeshika gazeti, jirani amekuja na kofia mkononi. Binti yake anaolewa Jumamosi, anaomba 404 imbebe bibi harusi. Nikamwonyesha: injini iko chini ya mwembe, mlango una tundu.

"Tutaisukuma, Papa. Vijana wapo."