Hapana Yangu Imegoma Kutoka

Mimi nina ugonjwa ambao hospitali hauonekani, ila kamati zote za harusi pale Mwanjelwa, Mbeya mjini, zinaujua. Mtu akinisogelea na kadi, hajafungua mdomo, mimi nishasema, "Usijali, niandike." Mwaka jana nimekaa kamati tano. Mbili kati ya hizo bwana harusi simjui hata kwa sura. Moja nilikuwa mtunza hazina, maana yake michango ikipelea unajazia wewe, halafu watu wanakupigia makofi.

Dukani kwangu ndio usiseme. Daftari la madeni lilikuwa na mali nyingi kuliko rafu. Mtu anakopa sukari Jumatatu, Jumatano anarudi kulalamika kwamba ile sukari ilikuwa na sisimizi, na mimi namwomba msamaha, nampimia nyingine. Mnazijua zile meseji za matapeli, "ile hela tuma kwenye namba hii"? Nyie mnafuta. Mimi nilijibu: "Samahani sana kaka, leo sijakaa vizuri, nivumilie mpaka mwisho wa mwezi." Mwisho wa mwezi akanikumbusha. Jamani, niliona aibu kweli!

Siku nilipokopa kausha damu, ile mikopo ya riba ya kunyonya, ili nimkopeshe shemeji akalipe kausha damu yake, mke wangu hakugomba. Alikaa kitandani, akasema, "Baba, twende shamba." Tukauza friji na rafu, tukafunga virago kwenda kijijini Isyonje, kwenye kipande alichoacha marehemu babu. Viazi, kuku wachache, kimya. Basi.

Pale Uyole niliwahi Coaster, nikapata siti ya dirishani. Kabla hatujamaliza kupanda milima nilikuwa nimesimama: siti nimempisha bibi mmoja, mkono wa kulia nimebeba mtoto wa dada nisiyemjua, kwapani nina jogoo wa konda. Tumefika, mke wangu ananivuta shati tushuke, mimi nauliza, "Sasa na huyu mtoto?"

Wiki ya kwanza ilikuwa raha tupu. Ni kweli baridi ya mwezi wa saba kule si ya kuchezea, kuoga mnapangiana tarehe, lakini hakuna aliyeniomba kitu. Mtandao wa simu unapatikana juu ya kichuguu kilichopo nyuma ya choo, basi nikaacha kukipanda. Asubuhi nafanya mazoezi kwa ng'ombe wa jirani. Namkazia macho: "Hapana. Sina. Siwezi." Ng'ombe anatafuna tu. Nikajua nimepona.

Akaja dalali wa viazi. Lumbesa, yaani gunia lililojazwa kupita mdomo wake, ni marufuku, gunia halitakiwi kuzidi kilo 100, hilo kila mkulima wa nyanda hizi analijua na kila mkulima amelizwa nalo. Yule bwana gunia lake likajaa, akaanza kulivisha kilemba. Moyoni nasema leo ndio leo. Akanigeukia: "Bosi, mbona umenuna? Au nakuumiza?" Nikamwambia, "Hapana, hapana!" Hiyo ndiyo hapana ya kwanza kutoka mdomoni mwangu mbele ya binadamu, na ikaenda kwa dalali. Nikaongeza ndoo nzima ili asijisikie vibaya. Kilemba kikawa kirefu, kamba haitoshi. Nikaingia ndani kumtafutia kamba. Sindano nimeshika mwenyewe.

Jumamosi akabisha hodi Mwenyekiti wa kitongoji na wazee wawili. Tukasalimiana pale, mwagonile, mwagonile, wakakalia vigoda.

"Mwanangu, kuna msiba kule bondeni, na mwezi ujao tuna harusi mbili. Hatuna katibu. Konda ametuambia yule bwana aliyembebea jogoo ni mtu wa watu. Tena umetoka mjini, mwandiko unao."

Mke wangu alikuwa jikoni. Nikausikia mwiko umesimama kwenye ugali. Nikakumbuka kausha damu, nikamkumbuka na ng'ombe. Nikavuta pumzi ya baridi mpaka tumboni, nikakaza taya, nikaanza vizuri kabisa:

"Ha..."

Wazee wakainua macho. Mmoja ana mtoto wa jicho, ananitazama kwa upande kama kuku.

"...haina shida, Mwenyekiti."

Mwiko ukatua chini.

Hapa ninapoongea nanyi niko juu ya kichuguu na daftari jipya. Nilipanda kumtafuta yule mwenyekiti wangu wa kamati kule Mwanjelwa, aniazime ule mfano wa kadi ya michango. Mtandao ulipokamata tu, simu ikatetemeka:

"Kaka, vipi ile hela?"

Ananisubiri tangu mwaka jana, mtu wa watu. Hata sijui nimwambieje.