Maua-mwitu hayataki mbolea

Kuna makala ya bustani inayoshauri kuweka samadi kabla ya kupanda maua-mwitu majira ya kuchipua. Hapana jamani, hapo ndipo bustani nyingi zinapoharibikia. Udongo wenye rutuba nyingi hunenepesha nyasi, nazo huyafunika maua yakiwa bado miche. Ng'oeni nyasi na mizizi yake, lainisheni udongo kwa reki, kisha changanyeni mbegu na mchanga mkavu ili mnapozitawanya muone mmeshapita wapi. Gramu 3 hadi 5 za mbegu kwa mita moja ya mraba zinatosha. Na msizifukie! Mbegu za mpopi, mojawapo ya maua-mwitu hayo, ni ndogo mno na huota vizuri zikipata mwanga; zikanyageni tu zishikane na udongo. Mwagilieni kwa keni yenye matundu madogo, maana maji ya mpira yenye nguvu huzisomba zikaota zimesongamana pembeni.