Faili langu la Excel simpi mtu

"Shikamoo mjomba. Nasikia una Excel inayobeti yenyewe. Naomba unirushie."

Ujumbe huo ulitoka kwa mpwa wangu aliyeko Tanga, Jumamosi usiku, mikeka yake yote ya kubeti mechi ikiwa imeshachanika. Nikamjibu marahaba, nikanyamaza. Si wa kwanza kuniomba. Hapa Coventry, Uingereza, kwa kinyozi, kuna jamaa alishanitajia mpaka bei.

Tuelewane kwanza, maana hii si habari ya mkeka. Kwenye eksichenji, yaani soko la kubetiana, kama Betfair iliyoanza Uingereza mwaka 2000, hushindani na kampuni. Unashindana na mbeti mwenzako, na kampuni inakata kamisheni kwa aliyepata faida. Unaweza kubeti kwamba farasi atashinda, na unaweza kukaa upande wa pili ukabeti kwamba hatashinda, na akishinda wewe ndiye mlipaji. Hapo odi, yaani namba inayozidishwa na dau lako ukishinda, dau lenyewe likiwemo, inageuka bidhaa. Umeweka paundi 20 kwa farasi mwenye odi 5.0. Kabla mbio hazijaanza, odi imeshuka hadi 4.8. Unampinga farasi yuleyule kwa paundi 20.83, na sasa ashinde asishinde, una peni 83. Kamisheni ikiwa asilimia 5, zinabaki 79.

Ndiyo, peni. Wanaopiga picha wakiwa na magari hawakuonyeshi hizo.

Hiyo 20.83 ni dau la kwanza mara odi ya kwanza, gawa kwa odi ya pili, na hapo ndipo Excel inapoingia. Programu kama Bet Angel au Gruss inamwaga bei za soko, yaani odi, kwenye jedwali, nazo zinabadilika mbele ya macho yako. Kisha inachungulia safu fulani: ikikuta umeandika BACK (farasi ashinde) au LAY (asishinde), pamoja na odi na dau, inatuma beti. Seli hiyo ukiijaza kwa fomula ya IF, yaani "kama hivi, basi vile", badala ya kidole chako, tayari una roboti. Huhitaji kuwa mtaalamu wa kompyuta. Mimi ni karani wa stoo tu, Excel naijua kwa kuhesabu maboksi.

Ila roboti hiyo haina akili hata ya kuku. Fomula yangu ya kwanza ilikuwa inatafuta odi ya 4.75, na odi hiyo haipo. Kati ya 4 na 6 bei zinapanda kwa 0.1, kati ya 1.01 na 2 zinapanda kwa 0.01, na kila ngazi ina hatua yake. Beti zikakataliwa jioni nzima, mimi nikidhani soko limelala.

Lililoniuma zaidi lilitokea Januari, mbio za usiku za Wolverhampton, zile zinazokimbiwa chini ya taa. Nilikuwa nimeshaweka paundi 40, jedwali likisubiri odi ishuke limpinge. Nikabofya seli mara mbili nione fomula ilivyokaa, nikakumbuka maziwa yako jikoni, nikainuka. Sasa, mtu akiwa ndani ya seli anahariri, Excel haipokei kitu kutoka nje. Niliporudi bei zilikuwa zimeganda palepale nilipoziacha, kishale kinapepesa ndani ya seli kama hakuna kilichotokea. Mbio zilikuwa zimekwisha. Farasi wangu alikuwa wa nne. Fomula haikukosea hata mabano, na maziwa nayo yalikuwa yamefurika.

Paundi 40 ni bei ya somo. Kuna aliyepona kwa bahati. Tarehe 28 Desemba 2011, kule Leopardstown, Ireland, farasi jike Voler La Vedette alikuwa anaelekea kushinda huku mtu mmoja kwenye Betfair akiendelea kumpinga kwa odi ya 29. Kiasi kilichokuwa mezani kilikuwa paundi milioni 21. Zidisha kwa 28, yaani 29 ukitoa dau lenyewe, uone deni lake kama zote zingechukuliwa: karibu paundi milioni 600. Ilikuwa ni roboti iliyopotea njia, na hitilafu ya mfumo ikairuhusu kuvuka kikomo cha akaunti yake. Betfair ikafuta beti zote zilizowekwa mbio zikiendelea, na waliodhani wametajirika wakabaki wanapiga kelele.

Kwa hiyo mtu akiniomba faili, ananiomba nini hasa? Kila seli pale ina sababu yake, na nyingi ya sababu hizo ni makovu. Kuna seli inayohesabu sekunde zilizobaki, kuna nyingine inayozima kila kitu soko likihamia mbio zinazofuata, maana siku moja amri ya zamani ilibaki ikambetia farasi nisiyemjua hata jina. Ukilichukua bila kujua hayo, siku litakapokwama hutajua ushike wapi. Halafu kama kweli lingekuwa na mwanya wa pesa, tukilitumia watu hamsini tutapanga foleni kwenye bei ileile na mwanya utaziba. Anayekuuzia faili lake anajua hilo. Ndiyo maana anauza.

Mimi ninalo bado, na faida yake kwangu ni karatasi ya pili, ile ya kumbukumbu. Kabla yake niliamini nina jicho la farasi. Karatasi ilionyesha kwamba kila nilipoingilia roboti kwa mkono, nilipoteza.

Mpwa wangu nilimjibu Jumapili. Nikamwambia afungue karatasi tupu, aandike mikeka yake yote ya mwezi uliopita: tarehe, dau, odi, matokeo, na chini aweke jumla. Akakaa kimya siku tatu.

"Mjomba, nimefika tarehe tisa nimeacha. Usimwambie mama."